Aliyevuta Kamba Hushukuriwa

Vijana wangu wa laini ya viti, siku mliponiaga kwa keki na sambusa mliniomba niandike mambo ya kazini kabla sijayasahau. Nimestaafu juzijuzi tu, na mwili bado haujapata habari. Naamka alfajiri, nachemsha chai, nasimama dirishani nikiyaangalia magari yenu yakipita kwenye theluji kwenda kazini, kisha nacheka peke yangu na kurudi kukaa. Basi nafasi ninayo. Vyeo sitaviandika, maana vilikuwa vya kubandika kifuani na sasa viko kwenye droo pamoja na vifungo. Mishahara nayo ilikuwa na miguu, ikija inaondoka. Nitawaandikia habari za ile kamba ya njano.

Ndege ilitushusha Louisville, mimi na mume wangu, Papa Riziki, na watoto wetu, tukitoka kambini Burundi. Kabla ya vita nilikuwa fundi cherehani Uvira. Nilikuwa na mashine ya kukanyaga kwenye baraza ya duka, na mabibi harusi walinijia kutoka mbali, kwa hiyo nilidhani najua kushona. Louisville hakuna aliyeniuliza habari za cherehani. Nilipewa kazi ghalani, kufunga maboksi. Boksi linakuja, unalibandika utepe, linakwenda zake, na kilichomo ndani hukijui. Msimamizi wetu hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na neno moja tu: haraka. Siku moja lilikuja boksi linalovuja, nikasimama kumwonyesha. Aliangalia saa yake, akaliangalia boksi, akanionyesha utepe. Nikalifunga hivyo hivyo likivuja. Hapo nikajifunza somo langu la kwanza la Amerika, kwamba mtu mwenye akili hasimamishi kitu.

Somo hilo nililibeba mpaka Columbus. Jirani yetu wa zamani kambini alikuwa amehamia huko, akatupigia simu kusema kwamba kiwanda cha Wajapani kinatafuta watu wanaojua kushona.

"Kushona nini?" nikamuuliza.

"Viti ya motokari, Mama Riziki."

Nilicheka hadi machozi. Sikujua kwamba gari nalo huvaa nguo. Lakini nilipoingia kile kiwanda na kusikia sauti ya cherehani nyingi kwa pamoja, nilisimama mlangoni na moyo wangu ukafurahi. Miaka mingi nilikuwa sijaisikia sauti ile.

Siku ya kwanza ilikuwa baridi, nami nilikuwa nimejifunga kitenge juu ya sweta. Mashine zikianza kuchemka ndani huwa joto, basi nikavua kitenge na kutafuta pa kukitundika. Juu ya kichwa changu ilipita kamba ya njano, ndefu, imenyooka vizuri kutoka ukuta huu hadi ule. Nikasema moyoni, watu hawa wana adabu, wametuwekea kamba ya nguo. Nikatundika kitenge changu.

Laini yote ikasimama. Cherehani zikanyamaza, taa nyekundu ikawaka, na muziki ukaanza kulia kutoka darini. Wote wakageuka kunitazama mimi na kitenge changu chenye maua makubwa. Kisha nikaona mzee mfupi wa Kijapani anakuja mbio, kofia mkononi. Nikajua nimefukuzwa kazi kabla ya chai ya saa nne. Alipofika aliinamisha kichwa akasema kwa Kiingereza, "Asante kwa kuvuta. Tatizo ni nini?"

Sikuwa na Kiingereza cha kujibu swali kubwa namna ile. Nikanyoosha kidole kwenye kitenge. Alikiangalia, akaangalia ukuta, akaangalia makoti ya wenzangu yaliyolundikwa sakafuni chini ya viti vyao. Hakucheka, ingawa wengine wote walishindwa kujizuia. Kesho yake nilikuta ndoano zimepigiliwa ukutani nyuma ya kila cherehani. Alinipeleka hadi kwenye ya kwangu, akatundika kofia yake hapo kunionyesha jinsi inavyofanya kazi, akaridhika sana.

Huyo ndiye Papa Okabe. Jina la Papa, yaani baba, tulimpa sisi Wakongomani, na alilipenda. Ndiye aliyenieleza kwamba kamba ile ni ya kila mmoja. Ukiona kasoro, unavuta. Kazi inasimama mpaka sababu ipatikane, kwa sababu kasoro isiyosimamishwa hapa itamfikia mtu barabarani. Na anayekuja mbio neno lake la kwanza lazima liwe asante. Nilimsikiliza kwa adabu zote na sikuamini hata kidogo.

Alinifundisha kushona upya, mimi fundi wa mabibi harusi. Alinifundisha kubadili sindano kabla haijavunjika, na kurudisha mkasi mahali ulipochorwa umbo lake kwenye ubao, ili ukikosekana pengo lionekane toka mbali. Alikuwa mkali kwa uchafu na mwepesi wa kusamehe kila kitu kingine. Asubuhi kabla ya kazi tulisimama mistari kufanya mazoezi ya viungo kwa muziki wa piano, kama wanavyofanya kwao. Mikono juu, mikono chini, geuka. Sasa wewe mpigie Mkongomani muziki halafu umwambie asogeze bega moja tu! Haikupita wiki viuno vikaingia. Papa Okabe alitutazama kwa uso wa hakimu, na baada ya muda nikamwona naye kiuno kinamsaliti.

Wakati wa chakula alikaa nasi, yeye na wali wake, mimi na ugali wangu. Kiingereza chake na changu vilikuwa ndugu wawili waliokosa shule, kwa hiyo walielewana. Siku moja nilimuuliza jambo lililonisumbua tangu nilipofika. Kwetu Kongo kila kitu kiko chini ya udongo, dhahabu, shaba, na hayo madini yanayoingia kwenye simu. Kwao chini ya udongo kulikuwa na nini?

"Mawe," alisema. "Na viazi."

Akanisimulia. Kijijini kwao, kaskazini kwenye theluji, walilima mpunga na kufuga viwavi wa hariri. Vita viliteketeza miji, mafuta hawakuwa nayo, chuma cha kutosha hawakuwa nacho. Alipomaliza shule akiwa na miaka kumi na mitano walipakiwa kwenye treni, wavulana na wasichana wa vijiji vile, kupelekwa viwandani mjini. Mama yake alimfungia matonge ya wali, akayamaliza kabla treni haijafika mlima wa kwanza kwa sababu alikuwa analia na alijaza mdomo ili wenzake wasimsikie. Walitengeneza vitu, na dunia ikavicheka. Magari yao ya kwanza kuletwa huku Amerika yalichoka kwenye vilima.

"Watu wanasema tulikuwa hodari," alisema. "Tulikuwa na njaa, na tulikuwa tunakosea kila siku. Ila tuliacha kuficha makosa. Basi."

Nikamwambia, basi hiyo ndiyo iliyowajengea barabara na treni za kasi. Akacheka kidogo, akasema kazi ile ilikuwa na bei yake pia. Moshi ulikaa juu ya mji hadi watu wakakohoa, na binti yake alipokuwa mdogo alimwogopa, kwa kuwa alidhani ni mgeni anayekuja Jumapili. Halafu akachovya kidole kwenye pilipili yangu kabla sijamwonya, na mazungumzo ya uchumi yakaishia hapo.

Miaka ikaenda. Watoto wakakua, wakaanza kunijibu Kiingereza, nami nikawa wa kuwafundisha wapya. Ndipo kampuni ikaamua kufungua laini ndogo Buffalo, katika jengo la zamani la matofali huko East Side, mahali ambapo watu wetu walikuwa wamefika wengi. Papa Okabe alikuwa karibu kurudi kwao kupumzika, akaomba kazi hiyo iwe ya mwisho kwake, na akaomba mimi niende naye. Papa Riziki alipoiona theluji ya Buffalo alisimama barazani akasema, "Bon, tulikimbia masasi ya vita, sasa tunakimbilia barafu?" Kisha akaenda kununua koleo la kuzolea theluji.

Nasikia baadhi yenu mnafikiri laini yenu ilikuwepo tangu kuumbwa kwa dunia. Hapana. Ilikuwa ya majaribio. Wenye magari, wale wanaonunua viti vyetu, walisema wataitazama majira yale ya baridi, na isipowaridhisha kazi itarudi Columbus. Waliokuwa wameajiriwa walikuwa mama zenu na shangazi zenu, wengi ndiyo kwanza wamepata nyumba, wengine kazi hiyo ilikuwa ya kwanza waliyoipata wakiwa wamekaa kitini. Mimi nilikuwa nimewafundisha. Ikifungwa, ningewatazamaje kanisani?

Walishona vizuri mno. Taa ya kijani, inayowaka kamba isipovutwa, haikuzimika hata mara moja. Asubuhi, mchana, wiki nzima, kijani. Mimi nilitembea kifua mbele. Papa Okabe alisimama chini ya ile taa kama mtu anayesubiri basi lililochelewa.

"Mama Riziki," akasema, "kijani mno."

Niliudhika, sifichi. Lakini nilivuta kiti nikakaa mwisho wa laini, karibu na Mama Esperance. Mama Esperance alikuwa mtu wa milima ya juu kule Kivu Kusini, mpole, mrefu, kiongozi wa kwaya yetu ya kanisani. Kazi yake ilikuwa kupokea nguo ya kiti kutoka kwa dada mmoja aitwaye Mwamini. Baada ya muda nikaona. Mwamini alimpitishia nguo yenye mshono uliopinda. Mama Esperance hakusema neno. Alichomoa mkasi mdogo kwenye mfuko wa aproni, akafumua, akashona upya kwa mashine yake, akaisukuma mbele. Na Mwamini, bila kugeuka, akashusha pumzi.

"Mama Esperance, unafanya nini?"

Akashtuka. "Mama, Mwamini mukono iko inamuuma. Bon, mushono ikipinda, mi nafungua, narudilia pole pole. Naweza mutia haya mbele ya batu bote?"

"Na wengine wanafanya hivyo?"

"Sote tunasaidiana," alisema, akitabasamu. "Sasa hii njo kosa? Kusaidia mwenzako?"

Kwetu si kosa. Kwetu mwenzako akijikwaa unamsitiri, na anayemtangaza ndiye mwenye aibu. Hivyo ndivyo tulivyoishi kambini, na bila hivyo tusingefika. Lakini mshono ule ulikuwa wa ubavuni. Mnajua ubavuni mwa kiti kuna mfuko wa hewa uliokunjwa, na gari likigongwa ule mfuko lazima upasue mshono na kutoka ili kumkinga mtu. Ndiyo maana mashine ya Mwamini ilikuwa na uzi dhaifu, wa makusudi. Mashine ya Mama Esperance ilikuwa na uzi imara. Kwa upendo wake wote alikuwa anaufunga mlango ambao siku moja ungetakiwa kufunguka.

Nilinyoosha mkono nikavuta kamba. Papa Okabe akaja mbio, magoti yake yakilia, akasema asante, akauliza tatizo ni nini. Nilipomwonyesha, aligeuka moja kwa moja kwenda stoo. Kwa bahati shehena ya kwanza ilikuwa haijaondoka. Tulivifungua viti vyote vilivyokuwa stoo, kimoja kimoja. Nilidhani yataishia humo ndani. Kumbe yeye alienda ofisini akawapigia simu wenye magari, akawaeleza yote. Nilimuuliza kwa nini hakunyamaza, maana hakuna kiti kilichotoka. Alinishangaa. "Nimevuta kamba," akasema.

Jibu lao lilikuwa kwamba watakuja wenyewe mwisho wa baridi, watasimama kando ya laini, na wakiona mshono mmoja tu wa ubavuni uliofumuliwa, laini imefungwa.

Nikaanza kuhubiri. Nilisema kamba haina haya, nikasema atakayevuta atashukuriwa, nikasema mpaka sauti ikakauka. Wakaitikia, "Ndiyo, Mama." Mnaijua ile ndiyo ya heshima, inayomaanisha mzee amalize turudi kazini. Mwamini alikuwa mkweli kuliko wote. "Mama, kwenye nilitumika kwanza, ukisimamisha machine banakufukuza kesho yake. Miye niko na batoto." Ningemlaumu vipi? Mimi mwenyewe nilifunga boksi likivuja.

Jumamosi nilikwenda kwenye mazoezi ya kwaya, nimekaa benchi la nyuma na koti langu, nimechoka. Mama Esperance alikuwa mbele. Wimbo ulikuwa haujafika mbali alipopiga kofi moja, wote wakanyamaza.

"Alto, mulipotea! Turudilie."

Akavuma ile sauti yake ya kuanzia, mmm-mmm, inayopanda na kushuka, alto wakaifuata, wakaanza upya. Wakakosea tena, kofi tena. Safari hii aliyekosea ni Mwamini, na Mwamini alicheka tu, akajifuta jasho, akarudia. Hakuna aliyeona haya. Nilisimama kwenye benchi langu.

"Mama Esperance! Mbona humfuniki Mwamini kwa kuimba kwa nguvu zaidi, ili watu wasisikie?"

Aligeuka kunitazama, kisha mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Eh, Mama! Umenishika. Wimbo itaharibika yote."

"Basi Jumatatu mje na hilo kofi kazini."

Kwanza tuliibadilisha sauti ya kamba. Ya Buffalo haikuwa muziki kama ule wa Columbus, ilikuwa mlio wa bata aliyekanyagwa, na kila ikijaribiwa watu waliruka. Fundi wetu wa mashine, Rick, mzungu mnene wa kitongoji cha Kenmore asiyependa maneno mengi, alikuja kanisani na simu yake akarekodi ule mvumo wa Mama Esperance, akauingiza kwenye spika. Jumatatu Mama Esperance mwenyewe alivuta wa kwanza. Sauti yake ikatoka darini, kubwa, ikijaza jengo lote, mmm-mmm, na laini nzima bila kuambiwa ikaipokea kwa sauti nne. Rick aliweka spana yake chini. Kuanzia siku hiyo kamba ikavutwa hadi nikaogopa itakatika. Taa nyekundu, wanavuma, wanatafuta kosa liko wapi, wanarudia. Papa Okabe alikimbia na kushukuru siku nzima, na jioni alikuwa anachechemea kwa furaha.

Wageni walifika. Aliyewaongoza alikuwa mama mmoja mrefu mwenye miwani, asiyecheka na mtu. Akasimama nyuma ya Mwamini kabisa. Mwamini alishona kimoja, akashona cha pili. Kwa cha tatu mkono wake ukasimama. Nilimwona anautazama mshono wake, ulionyooka vizuri, hauna ila. Akauvuta kidogo kwa kucha. Kisha akatazama kamba.

Mungu anisamehe, nilitamani asivute. Siku zote nilihubiri, na siku hiyo moyo wangu ulisema, binti, pitisha tu, tuokoke. Mwamini alifunga macho akavuta.

Kila kitu kikasimama mbele ya wageni. Sauti ya Mama Esperance ikashuka kutoka juu, na wote wakaipokea, hata Rick kule pembeni kwa sauti yake nzito ya chini. Mama Esperance alifika kwa Mwamini kabla ya Papa Okabe, akamshika begani.

"Aksanti kwa kuvuta. Shida ni nini?"

"Uzi hii si yetu," Mwamini alisema. "Iko nguvu. Rangi ni moja, lakini haikatike."

Na kweli. Asubuhi ile stoo walimletea kidonge kipya cha uzi wa rangi ileile, lakini ulio imara. Kwa jicho hakuna ambaye angejua. Mama mwenye miwani aliinama, akauvuta ule uzi kwa vidole vyake, haukukatika. Akavua miwani. Akamuuliza Mwamini jina lake, akalirudia mpaka akalitamka vizuri, akasema, "Asante, Mwamini." Laini haikufungwa, na ninyi mnaosoma haya mmekaa juu ya mkono wa Mwamini.

Papa Okabe alirudi kwao majira ya kuchipua. Siku ya kuondoka alifanya mazoezi ya asubuhi nasi mara ya mwisho, na safari hii hakujizuia kiuno. Alilia waziwazi mbele ya watu wote, nasi tukalia naye.

Mliponiaga mlinipa kipande cha ile kamba ya zamani, kimeng'aa kwa mikono ya watu. Nimekifunga jikoni kwangu juu ya mlango. Jumapili iliyopita baada ya kanisa tulikuwa mezani, wana, wakwe na wajukuu, nami nimepika sombe yangu, kisamvu cha kwetu. Mjukuu wangu Zawadi alionja, akaweka kijiko chini, akasukuma kiti hadi mlangoni, akapanda, akavuta.

"Koko," akaniita, kama wajukuu wa kwetu wanavyomwita bibi, kisha kama kawaida akaendelea kwa Kiingereza: "Too much salt!"

Mikono yote ikasimama njiani kuelekea midomoni. Uvira mtoto wa namna hiyo angemalizia chakula chake uani. Papa Riziki alitazama dari. Nikamgeukia mkwe wangu, mama yake Zawadi, nikamwona amekaza macho kwenye sahani, na hapo nikaelewa kwa nini siku hizi kila nikitoka jikoni yeye anaingia na kikombe cha maji kupunguza chumvi.

"Ni tangu lini?" nikamuuliza.

"Toka ulipostaafu, Mama," alisema polepole. "Sikutaka kukutia haya."

Niliinuka. Magoti yangu sasa yanalia kama ya Papa Okabe, lakini nilikwenda mbio hadi kwenye kile kiti, nikamshika mtoto mikono yote miwili, nikainamisha kichwa.

"Aksanti kwa kuvuta," nikamwambia. "Shuka, twende tukatafute tatizo liko wapi."